Siku Profesa Alipopanda Pikipiki ya Nati

Wifi yangu anaitwa Nati, na si jina alilopewa na mama yake. Alibandikwa na mafundi wa pikipiki miaka tisa iliyopita, kwa ubaya. Kwanza lilikuwa Nati Legevu. Baadaye watu wakachoka kulitamka lote wakabaki na kipande, na sasa hata wanangu wanamwita Shangazi Nati bila kujua kwamba wanamtukana. Yeye huitika vizuri tu. Mimi ndiye ninayetamani kumzaba mtu kofi kila nikilisikia.

Ni dada wa mume wangu. Wanasema mawifi hawapikiki chungu kimoja, lakini mimi na huyu tumepikika, na kuni zetu ni kinyongo. Mimi hasira zangu ni za karibu, zinawaka na kuzimika kabla chai haijapoa. Zake ni za akiba. Anaweza kukaa na jambo mwaka mzima, anakula, anacheka, anakusaidia kumenya viazi, na jambo liko palepale alipoliweka.

Jambo lenyewe ni hili. Alipokuwa msichana alijifunza ufundi kwenye safu ya mabanda sita ya mabati kando ya barabara kuu, ardhi nyeusi kwa oili, redio tatu zikiimba kwa mpigo. Alikuwa mwanamke peke yake pale. Mwalimu wake alikuwa fundi mmoja mwenye kitambi na miwani ya kusomea, waliyemwita Profesa kwa sababu alikuwa anafumba macho, anasikiliza injini, halafu anakutajia ugonjwa wake. Sitamnyima sifa yake, fundi alikuwa fundi. Kwa miaka minne Nati alimfuata kama mkia, na yote anayoyajua kuhusu pikipiki aliyapata kwake, pamoja na ile tabia ya mafundi wa zamani: ukipanda pikipiki yoyote, kabla hujagusa kitu kingine, zungusha mkono wa mafuta mara mbili mpaka mwisho, usikie kama waya unakwama. Injini imezima, kwa hiyo haina madhara. Profesa alikuwa anafanya hivyo hata kwenye pikipiki aliyoiegesha mwenyewe dakika tano zilizopita.

Siku moja muuguzi wa zahanati alileta pikipiki yake. Tairi la mbele lilikuwa na pancha na taa haiwaki. Nati akashika taa. Profesa akashika tairi, simu imebanwa kati ya sikio na bega, anabishana na mtu kuhusu kiwanja. Akaziba pancha, akarudisha gurudumu, akapachika nati ya ekseli kwa vidole, akainuka kwenda kumalizia ubishi wake kivulini. Spana hakuigusa. Aliporudi alimpa muuguzi ufunguo na kumtakia safari njema. Muuguzi hakufika mbali. Kwenye kona ya duka la mikate gurudumu lilichomoka, na yeye akavunjika mguu sehemu mbili.

Kaka zake muuguzi walikuja gereji wanne, na mmoja alikuwa na fimbo. Profesa akavua miwani yake, akaifuta kwa shati, akasema, "Nilimwambia huyu binti akaze nati. Ndugu zangu, wanawake na spana mnajua wenyewe."

Nati alisimama na bisibisi mkononi akisubiri amalizie, kwa sababu alidhani ni mzaha, na kwamba baada ya mzaha utakuja ukweli. Haukuja. Mwenyekiti wa gereji akamwambia akusanye vitu vyake. Unga wake ukamwagika hivyo, saa nne asubuhi, mbele ya mafundi kumi na watano aliowapikia chai kwa miaka minne, na hakuna hata mmoja aliyekohoa.

Alimrudia Profesa mara mbili. Hakutaka kazi, alitaka sentensi moja tu isemwe mbele ya yule muuguzi: gurudumu nilifunga mimi. Mara ya kwanza Profesa alicheka. Mara ya pili alimwambia, "Yaliyopita si ndwele, binti yangu. Tugange yajayo." Methali nzuri sana hiyo, lakini anayeruhusiwa kuisema ni aliyeumizwa, si aliyeumiza. Mimi ningemrushia tochi ya kuchomelea. Nati alisema asante, akaondoka.

Baada ya hapo hakuna gereji iliyomtaka. Aliuza vocha, aliuza mitumba, alinisaidia kukunga pindo za sare za shule kwenye chumba changu cha kushonea, na mkono wake kwenye sindano ni mbaya, namwambia hadi leo. Halafu kampuni moja ndogo ya pikipiki na magari ya umeme ikatafuta mtu wa kuzunguka kwenye mikusanyiko ya watu kuonyesha vyombo vyao. Walitaka mtu anayejua pikipiki na asiyeona aibu kuulizwa maswali ya ajabu. Wakamfundisha wiki sita, wakampa shati la kijani, pikipiki mbili na gari moja dogo lenye sura ya mtu aliyeshtuka.

Mimi nikawa naenda naye Jumamosi kuandika majina ya wanaotaka kujaribu. Tulizunguka kwenye siku za wazazi mashuleni, mikutano ya vyama vya ushirika, siku za chanjo, uzinduzi wa kisima. Nikajifunza kwamba binadamu haamini kitu kisichopiga kelele. Wazee walikuwa wanaweka sikio kwenye boneti na kutikisa kichwa kwa huruma. Bibi mmoja aliingia kwenye gari, akafunga mkanda, akazungushwa uwanja mzima, kisha akauliza, "Sasa tunaondoka saa ngapi?" Dereva wa bodaboda akalalamika kwamba bila mlio abiria watajuaje kuwa amefika. Na kila mahali, hata kama jua linapasua mawe, lazima mmoja aulize kama mvua ikinyesha chombo hakipigi shoti.

Nati aliwajibu wote kwa heshima. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo hakulifanyia utani. Kabla hajamruhusu mtu kukalia pikipiki alikuwa anazima, anachomoa ufunguo, anauvaa shingoni kwenye utepe mwekundu. Halafu anaonyesha kitaa kidogo karibu na spidi mita na kusema, "Hiki kikiwaka kijani, chombo kiko hai, hata kama kimenyamaza. Ukizungusha mkono wa kulia, kinaondoka na wewe." Nimemsikia akiyasema hayo labda mara mia tatu. Nilikuwa naweza kuyasema pamoja naye huku naandika majina.

Mtaani kwetu hatukuwahi kuonyesha. Alikuwa anatafuta sababu ya kukwepa kila ratiba ikitoka. Lakini mwaka juzi mtaa uliandaa siku ya michezo kwenye uwanja wa shule, kampuni ikalipia hema na spika, na safari hii hakukuwa na sababu ya kutafuta. Siku mbili kabla alikuja chumbani kwangu mchana, akakaa kwenye marobota ya vitambaa, akaanza kukunja vipande ambavyo havikuhitaji kukunjwa.

"Atakuja," akasema.

"Nani?"

"Profesa. Anawaambia wateja wake tunauza majiko yenye magurudumu. Atakuja kucheka."

"Na akija?"

"Nitamkaribisha apande."

Nikasimamisha cherehani. Namjua wifi yangu. Nikamuuliza anapanga nini, akasema hapangi kitu, mgeni ni mgeni. Nikasema akutendaye mtende, mche asiyekutenda. Nilisema kwa furaha kabisa, sitaki kudanganya hapa. Kwa miaka saba nilikuwa nimemwona mwanamke mwenye mikono ya dhahabu akikunga pindo vibaya, na nilitaka yule mzee aonje japo kijiko kimoja.

Alikuja saa tano asubuhi na mafundi wenzake watano, ovaroli zimefuliwa zikapigwa pasi. Watu walikuwa wengi. Watoto walikuwa wamemaliza kukimbia na magunia muda mfupi tu uliopita, palepale mbele ya hema letu, na walikuwa wamesogea upande wa pili kugawiwa juisi. Muuguzi naye alikuwepo, amekaa kwenye meza ya huduma ya kwanza. Mguu ulipona lakini anachechemea, na tangu siku ile hajapanda pikipiki tena. Nati alikuwa amemwamkia asubuhi. Muuguzi aliitikia kwa nusu ya mdomo.

Profesa akaizunguka pikipiki yetu mikono nyuma. Akainama, akaitazama chini tumboni, akainuka.

"Binti," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka golini, "mmeficha wapi injini? Au imeenda sokoni?"

Mafundi wakacheka. Watu nao wakacheka.

"Iko kwenye gurudumu la nyuma, mwalimu wangu," Nati akasema.

"Na hii inabeba mtu mzima, au ni ya hawa wa magunia?"

"Panda mwenyewe uone. Nani atatuambia ukweli kama si wewe?"

Alimwita mwalimu wangu. Miaka saba hakuwa amelitoa neno hilo mdomoni. Profesa akavimba, akapandisha ovaroli kiunoni, akamkabidhi mwenzake miwani. Na hapo ndipo nilipomtazama Nati shingoni nikaona hakuna utepe. Nikatazama pikipiki. Ufunguo ulikuwa mahali pake na kitaa kilikuwa kinawaka kijani, kitulivu, kama hakihusiki.

Nilikuwa na muda wa kusema. Watu wananiambia mambo kama yale hutokea kwa kufumba na kufumbua, lakini si kweli. Mzee mwenye kitambi kupandisha mguu juu ya pikipiki ni safari. Ningeweza kuita jina lake, ningeweza kukohoa tu. Nilifunika kalamu yangu nikaiweka mezani.

Profesa alikaa, akajitikisa kidogo kupima springi, akageuka kuwakonyeza wenzake. Kisha mkono wake wa kulia ukafanya kile ulichofanya kila siku kwa miaka arobaini. Ukazungusha mara moja, mpaka mwisho. Ya pili hakuifikia.

Pikipiki iliruka kimyakimya. Hicho ndicho nisichokisahau, kwamba hapakuwa na mlio wowote isipokuwa wake yeye. Ikapita palepale walipokuwa watoto wa magunia, ikafagia rundo la viti vya plastiki, ikaingia kwenye pipa la maji ya kunywa na kulala chali. Profesa alitua kwanza kwa mkono, mkono uleule. Maji yakamlowesha mpaka kisigino.

Watu walicheka. Walicheka kabla hata ya kujua kama yuko hai. Mtu aliyekuwa anajua chombo kwa kukisikiliza alikuwa amekaa kwenye tope na kiti cha plastiki shingoni. Roho yangu ikatulia kwatu, naliandika kama lilivyokuwa. Nikamgeukia Nati tusherehekee kwa macho. Yeye hakuwa anamtazama Profesa. Alikuwa anatazama mstari wa tairi kwenye mchanga ulipokatiza alama za nyayo ndogo, na midomo yake ilikuwa imekauka.

Muuguzi alifika wa kwanza na sanduku lake, akichechemea kwa haraka. Akaushika mkono wa Profesa, akaugeuza taratibu, na mimi nisiye muuguzi nikaona umevunjika. Kisha akamtazama Nati kuanzia juu mpaka chini.

"Wewe tena," akasema. "Kila chombo unachoshika wewe."

Kicheko kikapungua. Watu wa mtaani kumbukumbu zao ni ndefu kwa mabaya. Nikasikia mtu nyuma yangu akisema nati legevu, lote zima, kama zamani. Nikajua kwamba tumekwisha. Kazi imekwenda, shati la kijani limekwenda, na safari hii wasingekuwa wamemsingizia.

"Si yeye," Profesa akasema.

Alikuwa anatetemeka kwa maumivu, uso umekuwa wa majivu. "Usimlaumu huyu binti. Ni mimi. Nimevuta mafuta kabla ya kuangalia. Fundi hapandi chombo asichokijua. Kosa langu, mia kwa mia."

Alimwambia muuguzi hayo. Muuguzi yuleyule, uso kwa uso, mbele ya mtaa mzima. Akapumua, na mimi nikasubiri, kwa sababu mlango ulikuwa wazi kabisa na alibakiza hatua moja tu aingie. Hakuingia. Akaomba maji. Mafundi wakamsifu wakambeba hadi kwenye gari, wakisema mnaona mtu mzima, anakiri kosa lake bila kona.

Nilidhani Nati atafurahi. Kazi yake ilipona, unaona. Kampuni ilimwandikia barua ya kumpa pole kwa usumbufu. Wiki ile ile madereva tisa wa bodaboda walikuja kujiandikisha, kwa sababu chombo kinachoweza kumrusha Profesa kina nguvu. Lakini alikuwa hali chakula. Alikuja chumbani kwangu, akakaa kwenye marobota, akasema, "Kumbe anajua kusema."

"Kusema nini?"

"Kosa langu. Anajua. Hayamkwami. Nilidhani miaka yote hii ni kwamba hawezi, kwamba hakuumbwa nayo. Kumbe anayo mdomoni siku zote, ni mimi tu niliyenyimwa."

Nikamwambia amshukuru Mungu, lakini alishaacha kunisikiliza.

Wiki ya tatu alibeba machungwa akaenda kumwona mgonjwa, na mimi nikaenda naye kwa sababu nilimwogopa. Sebule yake ilikuwa ndogo na safi, kochi zimevishwa vitambaa vya kufuma, cheti chake cha ufundi ukutani, kalenda ya duka la vipuri. Profesa alikuwa amekaa, mkono umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko, umelazwa juu ya mto. Alikuwa amekonda. Mkewe alituletea chai akasema daktari amewaambia vidole viwili huenda visishike spana tena, kisha akarudi jikoni kwa adabu kutuachia nafasi.

Profesa alifurahi kutuona, na hilo lilinikera kuliko yote. Akauliza habari za betri, inachajiwa saa ngapi, inafika kilomita ngapi. Halafu akasogea mbele kwenye kochi.

"Nieleze lile kosa langu vizuri," akasema. "Nataka kulielewa. Nimekaa hapa siku ishirini nalifikiria. Nilikosea wapi, mwanangu?"

Alikuwa anauliza kama fundi anavyomuuliza fundi. Nati akaweka kikombe chini.

"Hukukosea," akasema.

"Usinibembeleze."

"Sikubembelezi. Kila mtu ninayempandisha, nachomoa ufunguo kwanza na namwonyesha taa. Wewe sikukuonyesha. Niliiacha imewashwa makusudi. Nilijua utazungusha mara mbili, kwa sababu ulinifundisha wewe."

Niliacha kutafuna biskuti. Jikoni bomba la maji lilikuwa linatiririka, mkewe anaosha vyombo, hakusikia. Profesa alimtazama Nati muda mrefu, kisha akautazama mkono wake, kisha akanitazama mimi, na nikainamisha macho, kwa hiyo akajua kwamba hata mimi nilijua. Hakupiga kelele. Uso wake ulifanya kitu ambacho nilikuwa nimekisubiri miaka saba, na nilipokiona sikujua nikipeleke wapi.

"Kulikuwa na watoto pale," akasema mwishowe.

"Najua. Hilo ni langu, na nalala nalo. Sikuombi unisaidie."

"Watu wanajua?"

"Hawajui. Wanajua ulilowaambia wewe."

Akajaribu kukunja vidole ndani ya plasta, nikaona viwili havikwenda.

"Utawaambia?" akauliza, na sikuelewa kama anaogopa kwamba atasema au kwamba hatasema.

Nati akasimama, akachukua mfuko uliokuwa na machungwa, akayapanga moja moja kwenye sahani, karibu na mkono mzima wa Profesa.

"Tutakwenda wote kwa muuguzi," akasema. "Siku yoyote utakayopenda. Utaanza wewe, halafu mimi."

Huu ni mwaka wa pili sasa, na siku hiyo bado hajaichagua. Nati yuko uwanjani kila Jumamosi na shati lake la kijani. Profesa alifunga banda, siku hizi anakaa dukani kwa shemeji yake anauza vipuri kwa mkono wa kushoto, na kila siku asubuhi muuguzi hupita mbele ya duka lile akienda zahanati kwa miguu. Wanaamkiana.